Dozi ya antibiotiki si idadi ya vidonge pekee

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya kuhamasisha umma kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao hapa Tanzania umezoeleka kwa kifupi cha UVIDA, na ujumbe unaosikika zaidi ni ule wa kutonunua antibiotiki bila cheti cha daktari. Ujumbe huo ni sahihi. Hata hivyo, malalamiko mengi yanayotufikia kuhusu dawa "isiyofanya kazi" hutoka kwa watu walioandikiwa dawa kihalali, wakainunua mahali panaporuhusiwa, kisha wakaitumia kwa namna iliyoizuia kuwasaidia.

Maandishi 1x3 kwenye bahasha maana yake ni kidonge kimoja kila baada ya saa nane, si kimoja kila unapokula. Mgonjwa anayemeza amoksilini saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku amekwisha kumeza vidonge vyote vitatu vya siku, lakini atakaa saa 13 bila dawa, na katika muda huo kiwango chake mwilini hushuka huku bakteria wakipata nafasi ya kuzaliana. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku ni ratiba ambayo watu wengi wanaiweza. Aliyesahau ameze mara anapokumbuka. Ikiwa saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, akiache kilichopita na aendelee na ratiba, wala asimeze viwili kwa mpigo.

Suala la maziwa tumelieleza mara nyingi kiasi cha kuchosha, lakini bado wapo wanaoamini kwamba kila dawa kali hufuatiwa na maziwa ili kupunguza makali yake. Kwa amoksilini hakuna madhara. Kwa doksisaiklini na siprofloksasini, kalsiamu iliyomo kwenye maziwa hushikamana na dawa tumboni, na sehemu ya dawa hiyo hutoka na choo bila kuingia kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na dawa za kiungulia zenye magneziamu au aluminiamu hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo siprofloksasini imezwe angalau saa mbili kabla ya vitu hivyo au saa sita baada yake. Doksisaiklini inahitaji pia glasi nzima ya maji, na mgonjwa abaki ameketi au amesimama kwa nusu saa, kwa kuwa kidonge kinachonasa njiani huweza kuchoma koo na kuacha kidonda. Na kapsuli haifunguliwi ili unga wake umwagwe kwenye kidonda cha mguu; tunashangaa kwamba hadi leo jambo hili linahitaji kuandikwa.

Dawa ya maji ya mtoto, ile inayouzwa ikiwa unga, huharibiwa zaidi wakati wa kuichanganya. Maji yachemshwe na yapoe kabisa. Chupa igongwe taratibu ili unga uachane na kuta zake, yatiwe maji kiasi, itikiswe, ndipo yaongezwe hadi kwenye alama. Anayejaza hadi alama kwa mara moja bila kutikisa huona povu na mabonge, na akija kutikisa baadaye dawa hushuka chini ya alama, naye huongeza maji tena bila kujua kiasi halisi. Itikiswe kila kabla ya kupima, ipimwe kwa kijiko au bomba lililokuja nayo badala ya kijiko cha chai, na itupwe siku zilizoandikwa kwenye lebo zinapokwisha, hata ikiwa imebaki nusu.

Mnunuzi anayo haki ya kudai maelezo. Bahasha au lebo inapaswa kuonyesha jina la mgonjwa, jina la dawa na nguvu yake, namna ya kuitumia, muda wa matibabu na tarehe ya kutolewa. Tunapokagua maduka bado tunakuta vipande vya pakiti vilivyokatwa kwa mkasi mahali palepale palipochapwa tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, vikiwekwa kwenye bahasha tupu. Duka la dawa muhimu, ambalo si famasi kamili, linaruhusiwa kuuza antibiotiki chache tu zilizo kwenye orodha yake. Zinapokutwa za nje ya orodha, mkaguzi huzihesabu mbele ya mwenye duka, hujaza fomu ya ukamataji inayosainiwa na pande zote mbili, na shauri huweza kufikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, mbali na hatua za Baraza la Famasi dhidi ya kibali cha duka na mtoa dawa.

Wanaotueleza kwamba wana "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyopona, huwa na orodha ndefu ya dawa walizomeza, lakini wengi hawajawahi kuoteshwa mkojo, yaani kukuza maabara bakteria waliomo ndani yake. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha bakteria aliyepo na dawa inayomuua, nacho hufanywa kabla ya kuanza antibiotiki nyingine.

Kuharisha kidogo au kichefuchefu hutokea, na si sababu ya kuacha dawa bila kumuuliza aliyekuandikia. Upele unaowasha, midomo au uso kuvimba, au kupumua kwa shida ni jambo jingine: acha dawa, nenda kituo cha afya papo hapo na uende na pakiti yake. Mhudumu anatakiwa kujaza fomu ya njano ya taarifa za madhara ya dawa inayopelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na bila jina la dawa na namba ya toleo taarifa hiyo haiwezi kufuatiliwa hadi kwa mtengenezaji. Jina la dawa hiyo liandikwe pia kwenye daftari au kadi yako ya kliniki, kwa kuwa swali la kwanza utakaloulizwa safari nyingine ni kama kuna dawa inayokudhuru.