Fundi wa Kusuka Mota Anapohamia Kwenye Gari la Umeme

Tangu tufungue maombi ya kozi ya mota za magari ya umeme, idara yetu imepokea barua nyingi zinazofanana. Mwombaji amesuka mota za pampu na feni kwa miaka mingi, anaujua waya, anaomba aruke moduli ya usalama na aanze kufungua. Uzoefu huo tunauheshimu, na baadhi ya wanafunzi wetu hodari wametokea huko. Jibu, hata hivyo, ni hapana.

Mota ya pampu ukiizima swichi na kuichomoa, imekufa. Ya gari haifi hivyo. Betri kuu huwa na volti 400 hivi, na baadhi ya magari ya sasa yanafika 800. Kwenye gari, umeme wa mkondo mnyoofu (DC) unaozidi volti 60 tayari unahesabiwa kuwa volteji ya juu, ndiyo maana kebo zake zimevikwa rangi ya chungwa. Halafu ndani ya inveta, kifaa kinachogeuza DC ya betri kuwa mkondo geu (AC) wa mota, kuna kapasita, yaani vihifadhi vya umeme, zinazobaki na chaji hata baada ya betri kutengwa.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na haubadilishwi kwa sababu foleni ya magari ni ndefu. Gari linazimwa na ufunguo wake unafungiwa mbali. Terminali hasi ya betri ndogo ya volti 12 inafunguliwa. Kitenganishi cha betri kuu kinachomolewa, kinatiwa kufuli, na ufunguo wa kufuli anakaa nao fundi yule yule aliyekichomoa, si msimamizi wala rafiki yake. Unasubiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi dakika 5 hadi 10. Glavu za mpira za kukinga umeme, za daraja la 0, unazikunja kuanzia mdomoni kuelekea vidoleni uone kama zinavuja upepo, ndipo unazivaa, na za ngozi juu yake. Mita inajaribiwa kwenye chanzo chenye umeme, inapima kwenye inveta, kisha inarudishwa kwenye chanzo kile kile. Kipimo hicho cha tatu ndicho kinachorukwa kila awamu ya wanafunzi. Mita iliyoharibika katikati ya kazi husoma sifuri vizuri kabisa.

Anayeruka hatua yoyote kwenye mtihani wa vitendo anasimamishwa hapo hapo, hata kama nyingine zote amezifanya sawasawa. Anarudia moduli nzima. Fomu ya kurudia inawasilishwa ndani ya siku 14 ikiwa na sahihi ya mkufunzi aliyemsimamisha. Isiyo na sahihi haipokelewi, na siku haziongezwi. Akirudia kosa lile lile, anaondolewa kwenye awamu. Malalamiko kwamba adhabu hii ni kubwa kuliko kosa tumeyapokea na kuyasoma. Adhabu inabaki.

Sasa mota yenyewe. Kuna imani kwamba mota ikigoma basi koili zimeungua, na dawa ni kukata waya na kusuka upya. Tuliletewa moja ikiwa na karatasi imebandikwa juu: "imeungua". Tulifungua kebo zake tatu kutoka kwenye inveta kwanza, maana megga, kipimo cha uvujaji wa umeme, ikirusha volti 500 au 1,000 kwenye inveta inaua transista, na hapo umegeuza hasara moja kuwa mbili. Megga ilisoma kiloohmu 90 kati ya koili na bodi ya mota. Kanuni ya 100 ya Umoja wa Mataifa, ya usalama wa magari ya umeme, inataka angalau ohmu 500 kwa kila volti pale saketi za AC na DC zinapounganika, yaani kiloohmu 200 kwa gari la volti 400. Kwa hiyo umeme ulikuwa unavuja kweli. Lakini koili tatu zilipopimwa kwa mita ya miliohmu yenye nyaya nne, zilikuwa sawa. (Multimita ya kawaida haifai hapa, nyaya zake peke yake zina ukinzani unaozidi ule wa koili.)

Tulipotoa kifuniko cha upande wa resolva, kihisi kinachosoma pembe ya shafti, kulanti ilichuruzika juu ya meza. Mota ile hupozwa na maji yanayopita ndani ya shafti, na sili ilikuwa imelika. Ilioshwa, ikakaushwa kwenye tanuri, ikawekewa sili na beringi mpya. Megga ikapanda hadi mamia ya megaohmu. Hakuna waya uliokatwa.

Beringi nazo zina hadithi yake. Umeme unaozalishwa na inveta hupenya kwenye shafti na kutafuta njia kupitia beringi, ukiichoma vidoa vidogo hadi njia ya mipira inakuwa na mistari kama ubao wa kufulia. Ndiyo ule mlio unaoongezeka na mwendo. Ukibadilisha beringi bila kukagua brashi inayoutoa umeme huo kwenye shafti, italia tena.

Kusuka kwenyewe tunakufundisha, ila si kila stata, sehemu isiyozunguka yenye koili, inasukwa. Zile za vipande vinene vya shaba vilivyopindwa na kulehemiwa ncha, kwa kawaida hubadilishwa nzima. Waombaji hawapendi kulisikia hili. Rota, sehemu inayozunguka, ikiwa na sumaku ya kudumu haichomolewi kwa mikono: inatoka kwa jigi, kifaa cha kuishika na kuiongoza, la sivyo itarudi ndani na vidole vyako. Ukiizungusha inazalisha umeme, hata betri ikiwa chumba kingine. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo haruhusiwi kwenye meza hiyo, na atuambie mapema, wala si siku ya mtihani.

Resolva ikiguswa, pembe yake inawekwa upya kwa programu kabla gari halijatembezwa. Bila hivyo mota hutetemeka au hugoma, na mteja atasema uliiharibu wewe. Kila mota inaondoka na karatasi yake: megga kabla na baada, koili tatu pamoja na joto la chumba wakati wa kupima, pembe ya resolva, sahihi mbili. Isiyo na karatasi hairudishwi kwenye gari.