Mtoto aliyenenepa naye apimwe

Katika vijiji vya Bahi, Chamwino na kwingineko Dodoma, husikika mzazi akisema wakati wa upimaji wa hali ya lishe: "Wangu amenona, wapimwe waliokonda." Kauli hiyo hutoka kwenye upendo, lakini inaweza kumgharimu mtoto maisha.

Utapiamlo mkali haumkondeshi kila mtoto. Mwenye kwashakoo huvimba miguu, kisha pengine mikono na uso, kwa sababu maji yamejikusanya mwilini, na mashavu yake hudhaniwa kuwa ni afya. Ndiyo maana mhudumu wa afya ngazi ya jamii hubonyeza kwa vidole gumba nyayo zote mbili upande wa juu kwa sekunde 3. Shimo likibaki pande zote mbili, mtoto hupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama utepe unaozungushwa kwenye mkono wake wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, unaonyesha kijani.

Utepe huo, unaotumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, hupima mzunguko wa mkono: huonyesha nyekundu (utapiamlo mkali) chini ya sentimita 11.5 na njano (utapiamlo wa kadiri) kuanzia hapo hadi chini ya 12.5. Hautambui udumavu, ambao huhitaji urefu ulinganishwe na umri.

Upimaji huu huambatana na matone ya vitamini A na dawa za minyoo katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, Juni na Desemba. Tafadhali, mlete hata huyo aliyenona.