Kichanga cha malezi ya kambo kikifika nyumbani, punguzeni mikono

Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Dar, kazi yangu kubwa ni kutafutia watoto familia za malezi ya kambo, yaani za kumlea kwa muda mtoto asiye wao, na familia nyingi zinazojitokeza zinatoka makanisani, nashukuru kwa kweli. Ila kuna kitu kinajirudia hadi nimechoka kukisema kwa simu. Mtoto kafika Jumatano, Jumapili kashapandishwa madhabahuni kaombewa, kwaya nzima imembeba, picha ziko kwenye grupu la wosapu la jumuiya, na ukimuuliza mama mlezi mtoto yuko kwa nani saa hizi, anaangaza macho.

Nia ni njema, sikatai. Lakini huyo mtoto kapoteza harufu, sauti na ratiba yake ya maziwa kwa siku moja, na anachojaribu kujua wiki hizo za mwanzo ni akilia nani anakuja. Akija mtu yuleyule, taratibu anatulia. Wakija kumi tofauti hajui amshike nani. Kwahiyo kumlisha, kumuogesha na kumlaza viwe vya watu wawili watatu tu, baba akiwemo (akina baba msijifiche). Bibi na akina mama wa kanisa waje jamani, tunawahitaji, wapike, wafue, wateke maji yakikatika. Kanisani abebwe kwa mbeleko, wakinyoosha mikono jibu ni "amelala", hata kama macho makavu.

Kama kaja na kanga au blanketi ya alikotoka msikimbilie kuifua, hiyo ndo kitu pekee anachokijua humo ndani. Alafu kuna wale watoto hawalii hata wakiwa na njaa, watu wanasema ametulia huyu, Mungu mwema. Mimi huyo ndo namuwaza zaidi, mara nyingi alishalia sana na hakuja mtu. Msisubiri alie, mfuateni na maziwa.

Maziwa yenyewe: chini ya mwaka mmoja sio ya ng'ombe, ni ya kopo ya watoto, kwa vipimo vilivyoandikwa. Najua kopo ni ghali, ila ukiongeza maji ili lifike mwisho wa mwezi mtoto anakonda huku anashiba. Kikombe kisafi ni bora kuliko chupa isiyochemshwa. Na msimpe mama jirani amnyonyeshe kwa huruma, virusi vya UKIMWI vinapita kwenye maziwa ya mama, pitieni kliniki kwanza. Nendeni na kadi yake waangalie chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 na ile ya surua miezi 9. Usiku alale chali, chandarua juu, mito toa.

Kuhusu karatasi ntasema kifupi. Malezi ya kambo yapo kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na mtoto anapitia kwetu ustawi, hamuokoti mkakaa naye. Kuasili, yaani mtoto kuwa wenu kabisa kisheria, ni kitu kingine, kinaenda hadi Mahakama Kuu. Kwahiyo msimwandikishe RITA (wale wa vyeti vya kuzaliwa) kama mmemzaa nyie, na jina alilokuja nalo libaki. Ubatizo pia, niulizeni kwanza, huenda mama yake yupo, huenda ni Muislamu, na huenda siku moja anamrudia mwanae. Watu wa kanisa tunapenda sana pale binti Farao anapomtoa Musa mtoni, tunaruka kwamba aliyelipwa kumnyonyesha ni mama yake mzazi.

Na ushuhuda, nawaomba. Mkisimama mkasema alipookotwa na nani alimtupa, hiyo habari haifutiki tena mtaani, ataikuta shuleni darasa la tatu kwa mtoto wa jirani kabla hamjamwambia nyie. Semeni "tunalea mtoto, tuombeeni", inatosha, Mungu anajua yaliyobaki.

Watoto wenu wa kuzaa waambieni ukweli mapema: anakaa kwetu, hatujui hadi lini, tunampenda hivyohivyo. Msiwaahidi mdogo wao. Wakianza kukojoa kitandani au kudai na wao chupa, msiwachape, wapeni nusu saa yao peke yao na mama kila siku, na mkiona inazidi nipigieni, hiyo nayo ni kazi yangu.