Kikapu cha wanawake wa Marekani: yanayosemwa barazani na ukweli wake

Olimpiki ikifika, mazungumzo ya kikapu cha wanawake hapa Unguja huwa mafupi. Mtu anauliza fainali nani kwa nani, akisikia Marekani imo anapunga mkono: "Hao hawafungiki, tuongee mengine." Sifa hiyo hawakupewa bure. Wana medali 10 za dhahabu za Olimpiki, 8 kati ya hizo mfululizo kuanzia Atlanta 1996 hadi Paris 2024, na mataji 11 ya dunia. Lakini sifa ikishakuwa kubwa kiasi hicho hupandwa juu yake maneno mengi yasiyo kweli, na maneno haya yananiuma kwa sababu wanaoyasikia ni watoto wetu wa kike. Msichana akishaambiwa kwamba wale wamezaliwa hivyo, ataushika mpira kwa ajili ya nini?

"Hawajawahi kufungwa"

Wamefungwa, na vibaya. Kikapu cha wanawake kiliingia Olimpiki mara ya kwanza Montreal 1976, miaka 40 baada ya kile cha wanaume, na dhahabu ikaenda Umoja wa Kisovieti. Marekani ilichapwa na Wasovieti hao 112 kwa 77. Zama zile wasiofungika walikuwa wao. Walikuwa na mataji 6 ya dunia kabla Marekani haijawafunga 108 kwa 88 katika fainali ya ubingwa wa dunia wa 1986, tena Moscow, mbele ya watu wao.

Hata baada ya hapo mambo hayakunyooka. Barcelona 1992 Marekani ilitolewa nusu fainali, 79 kwa 73, na Timu ya Pamoja ya nchi zilizotokana na kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1994 Brazil iliitoa katika nusu fainali ya ubingwa wa dunia, 110 kwa 107, ikaenda kuchukua kombe. Mwaka 2006 Urusi ikafanya vilevile, 75 kwa 68, na kombe likachukuliwa na Australia.

Ile rekodi inayotajwa sana, ya mechi 61 za Olimpiki bila kupoteza, inaanzia kwenye mechi ya kugombea shaba hukohuko Barcelona. Yaani ilianza siku chache baada ya kilio.

Na mechi ya 61 nusura isipatikane. Ilikuwa tarehe 11 Agosti 2024, fainali ya Paris, Marekani na Ufaransa, ikaanza saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu. Nusu ya kwanza iliisha 25 kwa 25. Wafaransa wakatoka mapumzikoni wakafunga pointi 10 mfululizo, na ukumbi mzima ukawa wao. Marekani ikarudi kidogokidogo, A'ja Wilson akipigania kila mpira chini ya ringi hadi akamaliza na pointi 21 na ribaundi 13, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtu kurusha na kukosa. Zikiwa zimebaki sekunde chini ya 4, Kahleah Copper akapiga mipira miwili ya adhabu, ikawa 67 kwa 64. Gabby Williams wa Ufaransa akapokea, akakimbia, akarusha kutoka mbali, na mpira ukaingia huku muda ukiisha. Angekuwa nyuma ya mstari, ni pointi tatu, na mechi inakwenda muda wa nyongeza. Marudio ya picha yakaonesha ncha ya kiatu imekanyaga mstari. Pointi mbili. 67 kwa 66. Anayesema hao hawafungiki aitafute hiyo mechi aitazame robo ya nne peke yake.

"Wanashinda kwa urefu"

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, hasa kutoka kwa wazazi: mtoto wangu mfupi, kikapu si chake. Kama urefu ndio ungekuwa unashinda, China ingekuwa na rafu nzima ya dhahabu. Zheng Haixia alikuwa na mita 2.04, na China ikaishia medali ya fedha kwenye Olimpiki ya 1992 na tena kwenye ubingwa wa dunia wa 1994. Uljana Semjonova, mwana wa Latvia aliyezidi mita 2.10, alikuwa nguzo ya Wasovieti waliotwaa dhahabu 1976 na 1980, na kwake urefu ulisaidia kweli, sikatai. Lakini tazama upande wa Marekani. Sue Bird, mwenye dhahabu 5 za Olimpiki, ana mita 1.75. Dawn Staley ana mita 1.68, urefu ambao ukipita Darajani asubuhi utakutana nao kwa wanawake kadhaa kabla hujamaliza soko. Staley alishinda dhahabu akiwa mchezaji mwaka 1996, 2000 na 2004, akabeba bendera ya nchi yake Athens, kisha akaifundisha timu hiyohiyo ikatwaa dhahabu ya Tokyo.

Na hapo pana jambo ninaloliona kubwa kuliko urefu. Pat Summitt alikuwa mchezaji katika ile timu iliyochapwa Montreal. Miaka 8 baadaye ndiye kocha aliyewapa Wamarekani dhahabu yao ya kwanza. Teresa Edwards alicheza Olimpiki tano kuanzia 1984 hadi 2000. Diana Taurasi amecheza sita, 2004 hadi 2024, na zote amerudi na dhahabu. Mkubwa hukaa na mdogo ndani ya timu moja kwa miaka, mdogo anakua naye anapokea wengine. Hiyo ndiyo inayoendelea.

"Ni pesa za ligi yao"

Ligi yao ya wanawake ya kulipwa, WNBA, ilianza kuchezwa mwaka 1997. Kabla yake Marekani ilikwishachukua dhahabu za 1984, 1988 na 1996. Hiyo ya 1996 ilitafutwa kwa namna yake: wachezaji walikusanywa karibu mwaka mzima chini ya kocha Tara VanDerveer, wakazunguka dunia wakicheza, wakashinda mechi 52 za matayarisho na 8 za Olimpiki bila kupoteza hata moja.

Pesa zenyewe hazikuwa nyingi kama watu wanavyodhani. Caitlin Clark alipoingia ligi mwaka 2024, jina lake likiwa kubwa kuliko la mchezaji yeyote mpya, mshahara wake wa ligi kwa mwaka ulikuwa dola 76,535. Kwetu ni fedha nyingi, lakini Taurasi aliwahi kuukosa msimu mzima wa WNBA, 2015, kwa sababu klabu yake ya Urusi ilimlipa apumzike.

Chanzo kiko nyuma zaidi, nacho ni sheria. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Skuli na vyuo vikuu vikalazimika kuwapa wasichana viwanja, makocha na nafasi za kusomeshwa kupitia michezo. Mwaka wa masomo wa 1971–72 wasichana waliokuwa wakishiriki michezo katika skuli za sekondari hawakufika 300,000. Leo wamepindukia milioni 3. Chota wachezaji kumi na mbili katika kisima hicho, utakosaje timu? Siku chache kabla ya Paris, timu ya Olimpiki ilicheza na wachezaji wa ligi ambao hawakuchaguliwa, Clark akiwemo, na ikafungwa 117 kwa 109. Waliobaki nyumbani waliwafunga waliokwenda.

Ndiyo maana sikubali mtu akisema ni damu. Mwaka 1976, sheria ikiwa na miaka minne tu, damu ilikuwa ileile, na Montreal walifungwa kwa pointi 35.

"Afrika hatuna letu hapo"

Nigeria imekuwa bingwa wa Afrika kwa wanawake mara tano mfululizo, 2017 hadi 2025. Paris 2024 iliifunga Australia 75 kwa 62 na Canada 79 kwa 70, ikawa timu ya kwanza ya Afrika, ya wanawake au ya wanaume, kufika robo fainali ya kikapu cha Olimpiki. Huko ikakutana na Marekani, ikatoka 88 kwa 74. Kocha wake, Rena Wakama, akachaguliwa kocha bora wa mashindano. Ni kweli kwamba wengi katika timu ile wamezaliwa au wamesoma Marekani, na sioni haja ya kulificha hilo. Ni ushahidi mwingine kwamba skuli na vyuo ndivyo vinavyotengeneza wachezaji.

Jirani zetu wa Rwanda waliandaa mashindano ya Afrika ya 2023 Kigali, wakafika nusu fainali. Rwanda ni nchi ya kanda yetu ya Afrika Mashariki, si ya mbali. Zanzibar si mwanachama wa shirikisho la dunia wala wa Olimpiki, kwa hiyo binti wa Unguja au Pemba njia yake ya kimataifa ni timu ya Tanzania. Njia hiyo ipo.

"Mpira wa kikapu na hijabu haviendi pamoja"

Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu dhana hii imewatoa wasichana wengi kiwanjani kuliko nyingine zote, na kuna wakati ilikuwa kweli. Kanuni za shirikisho la dunia zilikuwa zikikataza vitambaa vya kichwani. Mwaka 2014, katika Michezo ya Asia kule Incheon, wanawake wa Qatar waliambiwa wavue hijabu. Wakakataa, wakaacha kucheza. Wanawake wengi wakapigania jambo hilo, mmojawapo Bilqis Abdul-Qaadir, Mmarekani aliyecheza chuo kikuu na hijabu yake, kisha akafungiwa njia ya kucheza nje kwa kulipwa. Mwaka 2017 kanuni ikabadilishwa, na tangu tarehe 1 Oktoba mwaka huo hijabu inaruhusiwa katika mashindano ya kimataifa.

Masharti yake ni ya usalama. Isizibe uso, isiwe na sehemu inayochomoza, na isiwe na vifungo shingoni wala pembeni ya uso. Kwa lugha ya nyumbani: pini hapana. Ushungi wetu wa kila siku unashikizwa kwa pini chini ya kidevu, na katika kugombea ribaundi pini hiyo ni hatari kwa mvaaji na kwa mwenzake. Kinachotakiwa ni ule wa kuvaa kwa kuingiza kichwa, wa kitambaa kinachovutika, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kuushona. Rangi ifanane na ya timu nzima. Vitambaa vya kubana vya kufunika mikono na miguu vinaruhusiwa pia, kwa sharti hilohilo la rangi. Ufaransa bado inakataza katika mashindano yake ya ndani, na mimi naliona hilo ni dhulma, lakini kanuni ya Ufaransa haina nguvu katika viwanja vyetu, Amaan wala Gombani.

"Watoto wetu ni wa netiboli, kikapu ni kitu kingine"

Netiboli ilitokana na kikapu. James Naismith alianzisha kikapu Marekani mwaka 1891, na haikupita muda wanawake wakawa wanakicheza. Katika miaka hiyohiyo ya 1890 mchezo ukafika vyuo vya wasichana Uingereza, wakaubadilisha, ndiyo netiboli tunayoijua. Sisi tukaipokea kutoka kwa Waingereza, ikazama skulini hadi leo.

Sasa angalia vipimo. Ringi ya kikapu iko mita 3.05 kutoka chini, kwa wanaume na wanawake sawasawa; wanaosema ya wanawake inashushwa wamekosea, kinachopungua ni mpira tu, namba 6 badala ya 7. Ringi ya netiboli nayo iko mita 3.05. Upana wa ringi ya kikapu ni sentimita 45. Wa netiboli ni 38, na nyuma hakuna ubao.

Mtazame mfungaji wa skuli yoyote ya Unguja akiwa chini ya nguzo yake. Anasimama, anaweka miguu sawa, anainua mpira juu ya kichwa, anakunja magoti, anausukuma kwa ncha za vidole. Hana ubao wa kumsaidia, ringi yenyewe nyembamba, na bado anafunga. Huyo akipelekwa kwenye ringi ya sentimita 45 yenye ubao nyuma ataona ni mlango. Na kwa sababu netiboli hairuhusu kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu wala kutembea nao, amezoea kupasi haraka na kutua kwa mguu mmoja bila kuyumba.

Asichokijua ni kudunda mpira huku akikimbia, kucheza akiwa amebanwa mwili kwa mwili, na kuutumia ubao. Kudunda kwenda mbele, kulia kisha kushoto, macho yakiwa juu, kunafanyika kwenye sakafu yoyote ngumu, hata kabla skuli haijapata ringi ya pili. Mwalimu wa netiboli anayetaka kujaribu aanze na hapo, na awachukue wafungaji wake kwanza.