Kwa nini rangi ya ukuta wa mlangoni huanza kubanduka chini?

Tazama nyumba za tofali zilizokaa miaka michache Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja. Juu, karibu na dari ya kibaraza, rangi bado iko shwari. Chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno, imevimba, imepasuka na inadondoka kama magamba, na nyuma yake kuna unga mweupe. Mwenye nyumba hukwangua, hununua rangi mpya na kupaka kabla ya sikukuu. Masika yakipita, ukuta umerudi ulivyokuwa. Rangi ni ileile na fundi ni yuleyule, ila juu inadumu na chini haidumu.

Sababu ni maji yanayotoka ndani ya ukuta wenyewe. Tofali la saruji, hata likiwa gumu, limejaa vinyweleo vyembamba, na maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Njiani huyeyusha chumvi zilizomo kwenye udongo, mchanga na saruji. Yakifika usoni mwa ukuta, maji hukauka na kuondoka na hewa, lakini chumvi haina pa kwenda. Inabaki palepale na kuganda kuwa chembe. Ukuta ukiwa wazi, chembe hizo hutokeza nje kama unga, nawe unazifagia tu. Ukuta ukiwa umefungwa na rangi nzito, chumvi hugandia nyuma ya rangi, na chembe zikikua huisukuma mpaka inaachia.

Maji hayo hupanda mpaka pale yanapokauka kwa kasi ileile yanayopandia, ndiyo maana alama yake kwa kawaida haivuki sana mita moja. Mvua nayo huongeza yake: matone yakigonga sakafu ngumu au udongo uliokanyagwa hurukia ukuta hadi sentimita 30 hivi na kuacha ule mstari wa tope jekundu.

Hapa ndipo desturi moja inapotuumiza. Nyumba nyingi hupakwa rangi ya mafuta kwenye mita moja ya chini ili uchafu ufutike kwa kitambaa. Kwa ukuta mkavu ni sawa. Kwa ukuta unaokunywa maji, umeziba sehemu ileile inayohitaji kupumua kuliko zote. Kubandika marumaru juu ya ukuta wa namna hiyo ni gharama kubwa zaidi kwa kosa lilelile: unyevu hupita nyuma ya marumaru na kutokea juu yake, na safari hii uharibifu uko usawa wa kifua.

Waashi wa zamani wa mwambao walilielewa jambo hili. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwenye tanu, zikapigwa lipu ya chokaa na kupakwa chokaa. Kuta hizo hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa wakati wa jua. Zikifunikwa kwa lipu ya saruji tupu, unyevu hunaswa ndani na mawe huanza kumomonyoka. Ukuta wako wa tofali si wa matumbawe, lakini kanuni ni hiyohiyo, na kwa bahati njema chokaa ni rahisi kuliko rangi ya dukani.

Kabla ya kununua chochote, pima

Dondoshea tone la maji kwenye ule weupe. Ukipotea, ni chumvi. Ukibaki na madoa meusi au ya kijani, ni ukungu, na huo huoshwa kwa maji yenye dawa ya kung'arisha nguo.

Kisha kwangua rangi mahali penye kivuli, ubandike kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45, uzibe kingo zote nne kwa selotepu pana, na ukiache usiku kucha na mchana wake. Matone yakiwa upande wa ndani, unaoelekea ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa nje tu, ni unyevu wa hewa, na kazi yako ni nyepesi sana.

Sasa zunguka utafute maji yanatoka wapi. Nyumba iliyojengwa vizuri ina tabaka la kuzuia unyevu, mara nyingi nailoni nzito, lililolazwa juu ya msingi angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kwamba tabaka hilo lipo, lakini baadaye mtu alijaza kifusi au kutandaza matofali ya uani mpaka yakalivuka, na maji yakapata njia ya kulipita. Dawa yake ni jembe: chimba, shusha udongo, na tabaka litafanya kazi yake tena. Angalia pia vyungu vya maua vilivyoegemezwa ukutani, kwa sababu kila ukimwagilia ua unamwagilia na ukuta. Vitoe sentimita 30 na uvikalishe juu ya vipande vya tofali. Mwaga ndoo ya maji kibarazani uone yanakoelekea. Yakirudi ukutani, sakafu haina mteremko, nayo inataka kushuka kama sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea nje.

Ukuta unapokutana na udongo, chimba mfereji wa upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 10, ujaze kokoto. Kila mita inataka ndoo moja na nusu za lita 20. Matone ya mvua yakianguka kwenye kokoto huvunjika badala ya kuruka, na ule mstari wa tope hupungua sana. Tena mlango wenye kokoto safi pembeni hupendeza, na sijui pambo lingine la mlangoni linalofanya kazi kubwa hivyo kwa bei hiyo.

Nyumba ikiwa haina tabaka kabisa, au lipu yake ilipigwa kwa mchanga wa baharini, maji hayataisha. Mchanga huo una chumvi inayovuta unyevu hewani hata wakati wa kiangazi. Kwa ukuta kama huo lengo libadilike: uache ukuta utoe maji yake bila kuharibu sura ya nyumba.

Kuutibu ukuta

Tuchukue ukuta wa mbele wa upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.7, wenye mlango wa mita 0.9 kwa 2.1. Mita ya chini, ukitoa mlango, ni kama mita 3 za mraba. Ndiyo sehemu ya kushughulikia kwa moyo wote.

Kwangua rangi yote ya chini. Lipu inayolia kama debe tupu ukiigonga, au inayomomonyoka kwa kucha, iondoe mpaka sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Unga wa chumvi usiuoshe. Ukimwaga maji, unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Usugue kwa brashi kavu ya waya, uukinge kwa gazeti na kuutupa mbali. Rudia baada ya siku chache, kwa sababu ukuta uliovuliwa rangi huendelea kutoa chumvi, na kila unachofagia hakitarudi.

Lipu mpya iwe sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa iliyozimwa (iliyochomwa kisha ikatiwa maji) na sita za mchanga wa mto uliochekechwa. Kwa mita 3 za mraba na unene wa sentimita 1.5 utahitaji ndoo tatu za mchanga, nusu ndoo ya saruji na nusu ndoo ya chokaa. Saruji hiyo ni chini ya theluthi moja ya mfuko wa kilo 50, kwa hiyo nunua ya kupima kama duka linakubali. Lowesha ukuta kidogo, piga lipu, isawazishe kwa ubao, kisha iweke kwenye unyevu kwa siku tatu kwa kuirushia maji asubuhi na jioni. Fundi akitaka kumalizia kwa niru ili ung'ae, mkatalie. Niru ni saruji tupu, na itaziba vinyweleo vyote ulivyolipia.

Subiri wiki nne kabla ya kupaka rangi yoyote ya dukani. Wengi huona hili ni kupoteza muda, hasa sikukuu ikikaribia, lakini lipu mbichi ina ukali wa magadi, na ukali huo ukikutana na rangi ya mafuta huigeuza sabuni. Ndiyo mmenyuko uleule wa kutengeneza sabuni: mafuta na magadi makali. Rangi inabaki laini, inanata na kuchubuka kwa kidole. Kwa pwani, mpango mzuri ni kuvua lipu mvua za masika zikiisha, mwezi wa Juni, na kupaka Agosti, kabla vuli haijaanza.

Chokaa yenyewe haihitaji kungoja hivyo, kwa kuwa nayo ni kali na haigeuzwi sabuni. Loweka kilo 2 za chokaa iliyozimwa kwenye lita 5 za maji usiku kucha, koroga, chuja kwa kitambaa chepesi. Uzito wake uwe kama maziwa, si kama uji. Ukitaka rangi, tumia ile rangi ya unga inayochanganywa kwenye saruji ya sakafu, isizidi gramu 200 kwa kilo hizo 2. Ukizidisha, itakuwa inaacha vumbi kwenye nguo za wageni. Nyekundu ya udongo au kahawia iliyopoa inafaa sana hapa chini, maana tope likiruka halionekani. Wako wanaoongeza chumvi ya jikoni ili chokaa ishike. Kwa ukuta huu usithubutu: ndiyo kitu tulichokuwa tunakifagia.

Vaa glovu na miwani, kwa sababu chokaa huunguza macho. Lowesha ukuta, paka asubuhi au jua likishuka, mikono minne myembamba (mkono ni kupaka mara moja), siku moja kati ya mkono na mkono. Ukimaliza mkono wa kwanza utadhani umepaka maji, kwani chokaa mbichi huonekana kama haipo na hung'aa inapokauka. Ukiogopa na kupaka nene, itapasuka na kubanduka. Wala haishiki juu ya rangi ya zamani, hivyo ile kazi ya kukwangua haina njia ya mkato. Kila mwaka ongeza mkono mmoja.

Juu ya mita ya kwanza, ambako rangi ni nzima, osha kwa maji ya sabuni, piga msasa mwepesi, paka rangi ya maji mikono miwili. Eneo hilo ni kama mita 6 za mraba. Lita moja hufunika mita 10 hivi kwenye ukuta laini na kama 7 kwenye ukuta wenye mikwaruzo, kwa hiyo lita 2 zinatosha. Kopo la lita 4 litakubakizia akiba ya kuziba madoa.

Mlango nao

Mlango wa mbao unaokwama wakati wa mvua huwa umepakwa mbele na nyuma tu. Ukingo wa chini, usioonekana, uliachwa mtupu, na huo ndio unaonyonya maji ya deki na ya mvua. Ung'oe kwenye bawaba siku yenye jua, ulaze juu ya viti viwili, uache ukauke, kisha piga msasa namba 80, halafu 120, halafu 240, kila mara ukifuata mshipa wa mbao. Ukiuranda kabla haujakauka, kiangazi utaona mwanga chini yake. Lita moja ya vanishi ya nje inatosha mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 pande zote mbili, mikono mitatu. Anza na ukingo wa chini na wa juu, uzipe mkono wa ziada, ndipo uje kwenye uso. Vanishi ya ndani ni rahisi kidogo, lakini jua la mlangoni huichubua mapema.

Vitasa na njumu za shaba visugue kwa ndimu au ukwaju, suuza mara moja kwa maji safi na ukaushe vizuri. Asidi ikibaki kwenye mikunjo, huacha ukijani baada ya siku chache.