Kuunda gemu upya si kung'arisha picha tu

Wapenzi wengi wa gemu wanaamini kwamba kuunda upya gemu ya zamani ni kuchukua ile ile na kuibadilisha picha. Imani hiyo inaeleweka: hadithi haibadiliki sana, na wahusika wana majina yale yale.

Lakini si kweli. Tazama Trials of Mana, gemu ya Kijapani ya mapigano na safari. Ilitoka Japani mwaka 1995 kwenye Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, katika kaseti ya megabaiti 4 tu, picha zake zikiwa bapa na zikitazamwa kutoka juu. Toleo la 2020 ni la pande tatu, kwa hiyo kila mji, kila zimwi na kila pigo la upanga vilibidi vijengwe tangu mwanzo. Sasa mchezaji anaruka, anazungusha kamera mwenyewe, wahusika wanazungumza kwa sauti, na madaraja yao ya uwezo yameongezewa ngazi ya nne. Mapigano ndiyo yaliyobadilika zaidi. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu mchezaji wa zamani anakumbuka kwa vidole.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Gemu ya awali imo ndani ya Collection of Mana, mkusanyo wa gemu za zamani za Mana kwa mashine ya Nintendo Switch. Cheza mwanzo wa kila moja, au weka video zake sambamba. Kisha jaribu kuruka katika ile ya 1995: hakuna kitufe cha kuruka.