Dimbwi linalokauka mwezi wa saba ndo linalozalisha bata

Ndugu zangu mnaokaa Fargo, Sioux Falls, Winnipeg au Regina, mwezi wa tano mkiendesha gari nje ya mji mnaona pembeni ya barabara vidimbwi vingi vya maji, vingine havizidi uwanja wa mpira, vingine ukubwa wa sebule tu, na ukirudi mwezi wa nane unakuta majani makavu. Watu wengi huniuliza bata mwitu wote hawa wanazaliwa wapi, na wakisikia jibu wanategemea nitaje ziwa kubwa. Hapana. Kazi kubwa inafanywa na vile vidimbwi mnavyovipita.

Eneo lenyewe linaitwa Prairie Pothole, linaanzia Alberta, Saskatchewan na Manitoba kule Canada mpaka Montana, Dakota zote mbili, Minnesota na Iowa huku Marekani, zaidi ya kilomita za mraba 700,000. Zamani lilifunikwa na barafu nene sana, barafu ilipoyeyuka kama miaka 10,000 hivi iliyopita ikaacha mashimo mamilioni kwenye udongo mzito usiopitisha maji haraka, theluji ikiyeyuka yanajaa. Bata zaidi ya nusu wa Amerika Kaskazini huzaliwa humo. (Wale bata wenye mkia uliochongoka wanaokuja Nakuru na Naivasha wakati wa baridi ya Ulaya ni jamii moja na wanaozaliwa humu, ila wao wanatoka Ulaya na Asia, sio huku.)

Sasa kwa nini dimbwi dogo? Chukua bata kichwa-kijani, yule dume mwenye kichwa cha kijani kinachong'aa na jike wake wa kahawia. Yai moja lina kama gramu 50, na jike anataga moja kila siku mpaka yafike tisa au kumi, yaani karibu nusu ya uzito wa mwili wake inatoka ndani ya siku kumi! Mbegu za ngano hazitoshi hapo, anahitaji protini, anahitaji konokono wadogo, viluwiluwi na minyoo. Maji ya kina kifupi yanapata joto mapema mwezi wa nne wakati ziwa bado lina barafu, kwa hiyo wadudu wanaamka huko kwanza. Na kule kukauka kwenyewe ni sehemu ya utajiri wake, maana udongo ukikauka majani yaliyokufa yanaoza vizuri, mayai ya wadudu yanabaki kwenye tope yakisubiri, maji yakirudi vyote vinalipuka kwa pamoja. Halafu kuna suala la dume, huyu hataki kabisa kuona dume mwenzake karibu na mke wake, ndo maana vidimbwi kumi vidogo vinabeba jozi nyingi kuliko bwawa moja lenye eneo lilelile.

Kuwahesabu ni kazi ya tangu 1955. Kila mwezi wa tano Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani na wenzao wa Canada wanarusha ndege ndogo chini sana, mita 45 hivi kutoka ardhini, rubani anahesabu upande wake na mwenzake upande wa pili, mita 200 kila upande, bata na madimbwi yenye maji vyote vinaandikwa. Wengine wanapita na magari na kwa miguu sehemu zilezile ili kujua wa juu wamekosa wangapi. Dume akionekana peke yake kwenye maji anahesabiwa kuwa ni jozi, kwa sababu mara nyingi mkewe yupo kwenye majani analalia. Mwaka 2024 hesabu ilifika bata kama milioni 34.

Ila hesabu ya angani haikuambii vifaranga wametoka wangapi. Hapo ndo tunashuka chini. Tunachukua pikipiki mbili za magurudumu manne, tunafunga cheni ndefu katikati, tunaiburuza taratibu juu ya majani, cheni inapita juu ya kiota bila kuvunja yai, na jike anaruka puuu! mbele yako. Unasimama hapohapo, unatembea ukiangalia kila unapoweka mguu. Kiota ni kishimo tu ardhini, kimezungukwa na manyoya laini ya kijivu aliyojinyofoa kifuani mwenyewe, ukiingiza mkono unakuta joto kabisa. Tunachukua yai moja, tunaliweka kwenye mdomo wa kipande cha mpira kama ule wa rejeta ya gari, tunalielekeza kwenye jua na kuchungulia upande wa pili: yai jipya linaonekana wazi, la siku chache lina mishipa myekundu kama buibui, la wiki tatu ni giza tupu na nafasi ya hewa juu. Ukishajua umri wa kiota unafunika mayai na yale manyoya, unaweka kijiti mita kadhaa pembeni, unaondoka.

Kuna mtego kwenye hesabu hii na nataka muuelewe. Kiota kilicholiwa na mbweha siku ya tatu hutakiona kamwe, unaona vile vilivyobahatika kuishi, kwa hiyo ukigawanya tu utajidanganya kwamba mambo ni mazuri. Mwaka 1961 mtaalamu wa ndege Harold Mayfield alitoa njia ya kuhesabu siku badala ya viota. Kiota kinahitaji siku 35 hivi tangu yai la kwanza mpaka kuanguliwa. Ukisikia kila siku kina nafasi ya asilimia 95 ya kusalimika unafurahi, lakini zidisha hiyo kwa yenyewe siku zote 35 (0.95 × 0.95 × 0.95...), unabaki na asilimia 17 tu. Na kwa bata kichwa-kijani, chini ya asilimia 15 idadi inaanza kushuka. Ikipanda ifike 97 kwa siku, unapata asilimia 34. Asilimia mbili tu hizo!

Zinatoka wapi hizo asilimia mbili? Majani mengi yasiyokatwakatwa, ambapo mbweha, rakuni na skunki (yule mwenye harufu kama kicheche wetu) wanahangaika kutafuta. Hata koyote (mnyama wa jamii ya mbwa, mkubwa kuliko mbweha) anasaidia, pale alipo yeye mbweha wanapungua na viota vinasalimika zaidi, japo wafugaji hawapendi kusikia hivyo. Bata wa mkia uliochongoka ndo ananiumiza roho zaidi, yeye anataga mapema kwenye mabua ya ngano ya mwaka jana akidhani ni nyika, halafu trekta inakuja kupanda.

Na madimbwi yenyewe yanachimbiwa mitaro na mabomba chini ya ardhi yawe shamba. Iowa imepoteza karibu tisa katika kila kumi ya ardhi oevu yake, North Dakota karibu nusu. Vinavyoenda kwanza ni vile vidogo vinavyokauka, manake ndo rahisi kuvikausha.

Kwa wenzangu mnaotembea kwenye majani mwezi wa tano na wa sita: mayai ya bata mwitu hayaokotwi, Marekani sheria ipo tangu 1918 na Canada tangu 1917. Na ukikuta mayai ya baridi, hakuna mama karibu, usiseme yametelekezwa ukayabeba nyumbani kuyatotolesha. Wakati wa kutaga jike anakuja mara moja kwa siku, anaacha yai, anaenda kula dimbwini. Analalia kwa dhati akimaliza la mwisho, ili wote waanguliwe siku moja na awaongoze kwa miguu mpaka majini. Rudi nyuma kwa njia uliyojia, mbwa umshike, yeye atarudi.